Barua kwa Bibi Nesi: Mama mmoja, madaktari watatu na kundi la watu kumi na saba

Shikamoo Bibi. Mimi ni wa tatu katika watoto sita. Mama yetu ana miaka 71, anakaa Muheza na mjukuu wake aliyeko kidato cha tatu. Ana kisukari na presha, huu ni mwaka wa kumi na tatu. Kliniki ya kila mwezi anahudhuria hospitali ya wilaya, macho anatibiwa Tanga mjini, na mwaka jana nilimleta Dar es Salaam kwa daktari bingwa kwa sababu ya miguu kuwaka moto. Kila mahali ana cheti chake na dawa zake. Mwezi wa tatu alianguka alfajiri akienda kutia udhu. Alikuwa analoa jasho na kuweweseka. Mjukuu akampima sukari, ikasoma 2.7, akampa chai yenye sukari nyingi akatulia. Tangu siku hiyo tumefungua kundi la WhatsApp, tupo kumi na saba, na kila asubuhi tunataka vipimo. Kaka yetu aliyeko Houston ametuma mashine ya presha na ya sukari, na sasa anataka kununua kile kidude cha kubandika mkononi ili aione sukari ya mama akiwa huko huko Marekani. Je, ipo programu ya simu itakayowaunganisha madaktari wote watatu? Na mama anasema tumemchosha. Picha ya dawa zake nimeiambatanisha.
Wa Tatu, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama hapo kwenye alfajiri. Kwa hiyo programu nitaiacha kwanza, nianze na picha ya dawa ulizozitandaza kitandani. Nimevaa miwani, nimezihesabu moja moja. Ni kumi na moja.

Majina nayaandika kama yalivyo kwenye pakiti, ili nawe uyatafute. Kuna Glibenclamide, ya kutoka wilayani. Kuna Glimepiride, yenye lebo ya famasia ya Dar es Salaam. Hizi ni ndugu wa ukoo mmoja: zote mbili zinalikamua kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari. Mtu hapewi mbili kwa pamoja. Tena hiyo Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mzima ambaye figo zimeanza kuchoka inaweza kuendelea kuishusha sukari usiku kucha, wakati tumboni hakuna kitu. Angalia tena kulia mwa picha: Losartan, dawa ya presha, ya boksi jeupe, na kando yake boksi la bluu lenye jina la kiwanda kwa herufi kubwa. Soma maandishi madogo chini ya jina hilo. Ni Losartan hiyo hiyo.

Mimi sitibu kwa barua, na mwili wa mama sijauona. Lakini jambo hili lisisubiri tarehe ya kliniki. Leo hii mpigie simu anayemhudumia wilayani, umsomee majina hayo mawili ya dawa za sukari, akwambie ipi iachwe kumezwa kuanzia usiku wa leo. Kesho mama apelekwe na mfuko mzima wa dawa. Mjukuu mpe pongezi zangu, alifanya vizuri kumpa sukari bibi akiwa bado anameza. Ikitokea tena sukari iko chini ya 4, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika kumi na tano, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na hata akizinduka, kwa dawa za ukoo huo sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo asiachwe peke yake siku hiyo, na daktari aambiwe.

Sasa, nani alikosea? Daktari wa wilaya aliandika dawa ya sukari. Bingwa wa Dar es Salaam naye aliandika dawa ya sukari. Kila mmoja alimtibu mama kana kwamba ni yeye peke yake anayemtibu, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha alichoandika mwenzake. Kompyuta ya hospitali moja na ya nyingine mara nyingi hazisomani. Kitu pekee kilichopita kwa madaktari wote watatu ni mkoba wa mama, na ndani ya mkoba huo kulikuwa na vyeti vitatu vilivyokunjwa kila kimoja peke yake.

Ndiyo maana nakusihi usihangaike na programu ya kuwaunganisha. Daktari mwenye watu sitini kwenye foleni hatafungua programu ya familia yako, hata akiwa na roho nzuri namna gani. Atasoma kile utakachokiweka mezani mbele yake. Basi tengeneza karatasi. Karatasi moja, upande mmoja, mwandiko mkubwa. Juu kabisa jina la mama, mwaka wa kuzaliwa, magonjwa yake na tangu lini, dawa zinazomdhuru kama zipo. Chini yake dawa anazomeza kweli: jina la dawa lenyewe, si la kiwanda, nguvu yake, asubuhi ngapi, jioni ngapi, nani aliyeandika na kwa ajili ya nini. Kisha matokeo ya mwisho ya figo, ya macho, na kile kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Chini kabisa namba mbili za simu: ya kliniki na ya mtoto mmoja. Weka tarehe. Dawa ikibadilishwa, karatasi inaandikwa upya na ile ya zamani inachanwa mbele ya macho yenu, maana karatasi mbili zenye tarehe tofauti ni hatari kuliko kutokuwa nayo kabisa. Ipige picha, ikae kwenye simu ya mama, ya mjukuu na yako. Hapo simu imefanya kazi yake kubwa, na haijala bando.

Kwenye karatasi hiyo andika na vile anavyonunua mwenyewe, na mizizi, na unga wa majani anaoletewa na jirani. Hapa nasema kwa uchungu. Marehemu mume wangu alikuwa na presha, akimeza Losartan pamoja na dawa ya kukojoza maji. Dawa zake nilikuwa nazipanga mimi, kila Jumapili usiku, kwenye kiboksi chenye vyumba saba. Nilidhani najua kila kinachoingia kinywani mwake. Goti lilipokuwa likimuuma alikuwa akipita duka la dawa, ananunua Diclofenac ya shilingi mia tano, anameza huko huko na maji ya kandoro, yale ya kwenye mfuko wa plastiki. Hakuniambia kwa sababu kwake hiyo haikuwa dawa, ilikuwa kitu cha goti. Dawa za maumivu za aina hiyo hupandisha presha, na zikikutana na hizo mbili alizokuwa akitumia zinazinyima figo damu. Miguu ilipovimba na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kurudi juu, daktari aliniuliza mimi, nesi wa miaka thelathini na moja kazini: anatumia nini kingine? Nikajibu, hakuna. Swali hilo muulize mama kwa namna nyingine. Usimuulize anatumia dawa gani. Muulize, goti likiuma unafanyaje? Usingizi ukikataa unafanyaje?

Jambo la pili ni kuchagua daktari mmoja awe ndiye mwenye mama. Kwa maoni yangu awe wa wilaya, kwa sababu ndiye anayemwona kila mwezi na ndiye aliye karibu na kitanda chake. Najua watoto mlioko mjini mnamwamini zaidi bingwa. Bingwa ana elimu kubwa kwenye kiungo chake, lakini mama haishi kwenye kiungo kimoja. Ukimleta Dar es Salaam, aje na barua kutoka wilayani na arudi na barua, hata kama ni mistari minne: nimeona nini, nimeongeza nini, nimeacha nini. Iombe kabla hujatoka chumbani, hukohuko, kwa heshima. Ukiweza, waombe wapeane namba. Nimeona madaktari wawili wakimaliza kwa simu ya dakika mbili jambo lililozunguka kwenye familia miezi minane.

Niruhusu nitoe la moyoni. Miaka kumi na mmoja ya mwisho ya kazi yangu ilikuwa kliniki ya tiba na matunzo, CTC, kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake, ile tuliyoiita CTC 1, anatembea nayo. Faili lake lilibaki kwetu. Asipokuja siku yake, jina lake linatoka kwenye orodha, anapigiwa simu, na simu isipopatikana mhudumu wa jamii anakwenda hadi nyumbani kwa utaratibu usiomwaibisha. Akihama mkoa, anahama na barua. Wagonjwa wa sukari na presha walikuwa wakikaa kwenye benchi la mlango wa pili, wakiwa na daftari la shule lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada, na asiyekuja hakuna aliyemuulizia hadi arudi amepooza upande mmoja au kidole cha mguu kimeoza. Nilikuwa nikiwatazama na kuumia. Magonjwa haya nayo ni ya maisha yote, nayo hutulia kwa dawa ya kila siku na mtu wa kukufuatilia. Kila ninapoitwa kwenye mkutano wa afya nalisema hili, na nitaendelea kulisema.

Turudi kwenye kundi lenu. Watu kumi na saba ni wengi wa kumwombea mama, si wa kusimamia dawa zake. Fungueni dogo la watu watatu: wewe, mjukuu, na mmoja anayekaa karibu na Muheza anayeweza kufika kabla ya giza. Ninyi ndio mtakaopokea vipimo. Kundi kubwa libaki la salamu, na mmoja wenu alipelekee taarifa mara moja kwa wiki. Na picha ya majibu ya maabara isirushwe kule bila mama kukubali. Ni mwili wake. Shemeji zake wanaweza wasipende kumjulisha habari za matumbo yao, na yeye vivyo hivyo.

Kaka wa Houston mweleze hivi, maana nahisi nusu ya hofu ya kundi inatokana na jambo hili. Marekani wanapima sukari kwa miligramu, sisi Tanzania tunapima kwa milimoli. Mashine aliyoituma bila shaka inasoma mia na kitu, na ya kliniki inasoma saba, nane, tisa. Gawanya namba ya mashine yake kwa 18 utapata ya kwetu: 144 kwake ni 8 kwetu. Mtu aliyezoea namba za kule akiona mmeandika "mama ana 11" atadhani anaaga dunia, na mtu wa Muheza akiona 142 atapiga yowe. Chagueni kipimo kimoja, kile cha kliniki, na kwenye kila ujumbe andikeni kama ni kabla ya kula au baada.

Kuhusu presha, namba inayopimwa vibaya ni heri isipimwe. Mama akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asiulizwe habari za mtu wakati mashine inavuta. Awe ameshakwenda haja ndogo. Mkanda uwe wa kutosha mkono wake, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya kwa kwenda juu. Apime mara mbili, apumzike dakika moja katikati. Wala si kila asubuhi ya maisha yake! Siku saba kabla ya kliniki zinatosha, asubuhi kabla ya dawa na jioni, ziandikwe, daktari ataziona zote kwa pamoja. Baada ya hapo mashine irudi kabatini, ila daktari akisema vingine au mama akijisikia vibaya.

Kile kidude cha mkononi si kibaya. Kwa anayechoma insulini mara nyingi kwa siku, au ambaye sukari inashuka bila yeye kuhisi, kinaokoa maisha, kwa sababu kinaweza kulia usiku. Lakini kinatakiwa kubadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili, maisha yote, na kinataka simu nzuri na mtu wa kuamka kikilia. Kaka aliyeko Houston ataona namba inashuka saa kumi usiku ya Muheza, kisha atampigia nani? Ni huyo huyo mjukuu. Kwanza iondolewe sababu iliyomwangusha, nayo imo ndani ya picha uliyonitumia. Kisha fedha hiyo, kama kaka ameazimia kuitoa, ilipie vipimo vya figo na uchunguzi wa macho kila mwaka, viatu vya kufunika vidole, na vifimbo vya kupimia vinavyoingia kwenye mashine mliyo nayo, kwa sababu ndivyo vinavyoisha na kuiacha mashine pambo.

Na mjukuu, nakuomba sana, msimsahau. Mtoto wa kidato cha tatu anayelala na sikio moja wazi hawezi kusoma. Mtafutieni mtu wa kumpokea zamu.

Umesema mama amechoka. Amechoka kwa sababu simu zake zote siku hizi zinaanza na namba. Mpigie umuulize mvua ya Muheza, michungwa imebebaje, nani kaoa. Sukari mwachie aitaje mwenyewe. Kama ana simu janja, mfundisheni kubonyeza kitufe cha sauti, awatumie kwa mdomo wake: nimemeza, nimekula, mguu leo hauwaki. Atakapokuwa yeye ndiye anayetoa habari, hatakuwa tena mtu wa kuulizwa kama mshitakiwa. Ukitaka ushauri wa afya saa ambayo hakuna wa kumpigia, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure.

Ukirudi kutoka wilayani niandikie, unitajie dawa zimebaki ngapi.

*

Habari za kazi, Bibi Nesi. Mimi ni nesi kituo cha afya, wilaya ya Kilosa. Niliwapa wagonjwa wangu wa presha na sukari namba yangu binafsi ili waniulize. Sasa wananipigia hata saa saba usiku, wengine kuniuliza kama wanaweza kula embe. Mume wangu ameanza kununa. Nikizima simu naogopa atakayekuwa na shida ya kweli. Nifanyeje?
Muuguzi wa Kilosa

Salama, nesi mwenzangu. Kwanza nikushukuru kwa moyo huo. Pili, rudisha simu yako nyumbani. Mgonjwa asiitegemee namba ya mtu mmoja, maana ukiugua au ukihamishwa amepotea. Zungumza na mganga mfawidhi mpate laini ya kituo, kwenye simu ya kitochi, ibaki kazini na ishikwe kwa zamu kama mnavyoshika funguo za kabati la dawa. Kwenye kila kadi pigeni mhuri wa namba hiyo na saa zake, na chini yake mwandike mambo ya kutosubiri simu: kulegea upande mmoja au mdomo kwenda upande, maumivu ya kifua, kuweweseka, kidonda chochote mguuni. Hayo ni kuja moja kwa moja, mchana au usiku.

Halafu nikueleze jambo lililofanyika kwa majirani zetu Kenya, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa. Nusu yao walitumiwa ujumbe mmoja wa simu kila wiki. Haukuwa na somo wala onyo. Ulisema tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili, "Sawa" au "Shida". Aliyeandika shida, au aliyenyamaza, alipigiwa na mhudumu. Basi. Waliotumiwa ujumbe huo, 62 katika kila 100 walimeza dawa zao inavyotakiwa. Wasiotumiwa walikuwa 50. Nilipousoma utafiti ule nililia, kwa sababu nimekaa miaka mingi nikitunga mafundisho marefu ya kumsomea mgonjwa benchini, na hapa neno la salamu limefanya kazi hiyo, kwa sababu nyuma yake palikuwa na mtu anayejibu.

Ule ulikuwa ugonjwa mwingine, lakini kazi ya kumeza kidonge kila siku ni ile ile. Jaribu na wagonjwa ishirini kwanza, wale unaowahofia zaidi. Jumatatu asubuhi, ujumbe mmoja. Jumatano mchana, anayeshika zamu anachukua daftari na kuwapigia walioandika shida na walionyamaza. Embe litasubiri Jumatatu, na utashangaa jinsi simu za usiku zitakavyopungua mtu akijua siku yake ya kuulizwa inakuja. Kabla ya kuanza muulize kila mmoja simu ni ya nani na nani mwingine anaisoma, na usiandike jina la ugonjwa kwenye ujumbe.

Wapo wasiojua kusoma, na wapo wasio na hata salio la ujumbe mmoja. Hao kubalianeni kubipu: wakipokea wa kwenu, mbipo mmoja ni sawa, miwili ni shida. Mjukuu yeyote wa Kilosa atamfundisha babu yake kwa dakika moja.